Paka wa mashineni: namna ya kuwafunga kizazi na kuwaacha waendelee na kazi

Mashine ninayoisimamia iko Igurusi, hatua chache kutoka barabara kuu iendayo Mbeya mjini. Kazi yetu ni kukoboa mpunga. Mpunga wa Usangu ukianza kuingia mwezi wa tano, ghala linajaa mpaka karibu na bati, na panya nao hawasubiri kuitwa. Panya wakizidi, paka wanakuja. Paka wakishiba, wanazaa. Ndivyo nilivyojikuta jioni moja ya Agosti nimesimama mlangoni, daftari la magunia mkononi, nahesabu paka 34 kwenye uwanja wa kuanikia.

Paka kumi wanaojua kazi yao ni baraka kwenye ghala la nafaka. Paka 34 ni mateso, kwao kwanza na kwetu baadaye. Vitoto vilikuwa vinafia pembeni ya lundo la pumba, macho yamegandamana kwa usaha. Madume walipigana juu ya bati usiku kucha. Na mkojo wa dume ukishaingia kwenye gunia la mchele, gunia hilo mteja analinusa tu na kulirudisha chini.

Mwaka uliotangulia tulitumia sumu. Nasema tulitumia kwa sababu ndoo niliishika mimi. Walikufa wengi kwa siku mbili, wakihangaika vibaya sana, na mmoja alijikokota mpaka kizingitini kwa jirani akafia mbele ya mtoto wake wa miaka mitano. Yule mtoto aliniuliza, "Mama, amefanya nini?" Sikuwa na jibu na sina mpaka leo. Na faida yenyewe haikuwepo: panya walitamba ghalani miezi kama mitatu, kisha paka wengine wakaja kutoka sokoni na kwenye vibanda vya chipsi, wakakuta chakula kipo na mwenyeji hayupo, wakazaa. Mavuno yaliyofuata walikuwa wengi kuliko wale niliowaua.

Baada ya hapo tuligeuka. Tulianza kuwakamata mmoja mmoja, daktari akawafunga kizazi, tukawarudisha pale pale walipokamatwa. Paka aliyefungwa kizazi hula sehemu yake, hulinda mipaka yake, huwazuia wageni wasiingie ovyo, na haongezi hata mmoja. Huu ni mwaka wa tatu. Tunao 17, wanene, na usiku kumetulia. Nitakueleza tulivyofanya, pamoja na pale tulipokosea, ili wewe mwenye mashine, shule, gesti au banda la kuku usirudie.

Daftari kwanza

Usikamate paka yeyote kabla hujawajua wote. Chagua saa moja, kwetu ilikuwa saa kumi na mbili jioni, uwawekee chakula kidogo mahali pamoja siku tatu mfululizo, ukae kimya na daftari. Wapige picha kwa simu. Andika rangi, alama, jinsia, na hali. Ukurasa wangu wa kwanza unasomeka hivi: "Jike, rangi tatu, ncha ya mkia imevunjika, ananyonyesha. Dume, wa njano, mashavu mapana, jicho la kushoto lina ukungu. Jike, kijivu, mdogo, tumbo kubwa."

Jinsia unaweza kuikisia kwa mbali. Dume mzima asiyehasiwa ana shingo nene na mashavu yaliyotanuka. Paka wa rangi tatu, yaani mweusi, mweupe na njano kwa pamoja, karibu wote ni majike. Wa njano mtupu wengi wao ni madume. Jike anayenyonyesha utaona chuchu zimevutika na manyoya yaliyozizunguka yamelala.

Nakusisitizia daftari kwa sababu ya hesabu yenyewe. Mimba ya paka ni siku 63 hadi 65. Watoto wanne kwa uzao mmoja ni jambo la kawaida. Jike mmoja huweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka, na binti yake huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, wakati wewe bado unamwona kitoto. Katika nchi za baridi, siku zinapokuwa fupi paka hupumzika kuzaa. Kwetu huku karibu na Ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo hawana msimu wa kupumzika. Ukiwaacha majike wawili wazima mwezi wa kwanza, mwezi wa kumi na mbili una ukoo.

Ndiyo maana majike huanza. Hapa ndipo tulipokosea awali. Madume wanakamatika kirahisi, upasuaji wao ni wa dakika chache na bei yake iko chini, basi tukawahasi madume saba tukadhani tumepiga hatua. Dume mmoja tu aliyebaki mzima aliwatosha majike wote, na Oktoba tulikuwa na watoto kumi na mmoja. Kila jike unayemfunga ni uzao uliokatika hakika. Madume wafuate, kwa sababu kuhasi kunapunguza vita na ile harufu kali ya mkojo, lakini usiwatangulize.

Na usifanye kidogo kidogo mwaka mzima. Ukifunga wawili leo, wawili baada ya miezi minne, waliobaki wanakukimbia kwa kuzaa. Jiwekee lengo la angalau saba katika kila kumi, ndani ya wiki chache, katika eneo moja. Ukimaliza hapo ndipo uhamie eneo la pili.

Watu

Ng'ambo ya barabara kuna bibi anayekaanga vitumbua, na paka wetu nusu walikuwa wanalala kwake. Nilimwendea asubuhi kabla wateja hawajajaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuniulia tena paka?"

Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza. Alisikiliza huku anageuza vitumbua, kisha akasema, "Sasa mwanangu, ukimtoa kizazi paka si atalala tu kama kiroba? Panya utawakamata wewe?"

Swali hilo utaulizwa na kila mtu, kwa hiyo lijibu vizuri. Paka hawindi kwa ajili ya uzazi. Huwinda kwa sababu kaumbwa hivyo, na hata aliyeshiba hurukia kinachochakarika. Paka aliyefungwa kizazi hapotezi siku kuzurura akitafuta mwenza wala hapigani mpaka apasuke sikio. Wetu wanashinda ghalani. Hutulia kidogo na hunenepa ukimlisha kupita kiasi, basi usimlishe kupita kiasi.

Bibi alikubali, na akawa mkamataji bora kuliko sisi sote, maana paka walimwamini. Nakushauri umtafute mtu wa namna hiyo. Kila mtaa una mmoja anayewatupia makombo, na yeye anawajua paka kuliko daftari lako.

Mweleze na mwenyekiti wa kitongoji atangaze, ili wenye paka wa nyumbani wawafunge utepe shingoni au wawafungie ndani siku za mtego. Tulimkamata paka wa mwalimu mmoja bila kujua. Bahati nzuri alikuwa ameshatahadharishwa, akaja kumchukua mapema, tena akaomba paka wake naye apasuliwe.

Gharama tulichangishana. Kila mkulima aliyekuwa na mpunga ghalani alitoa sado moja ya mchele, mwenye mashine akaongezea fedha, tukauza ule mchele tukamlipa daktari. Wakulima hawakubisha. Gunia lililotobolewa na panya wanalijua.

Daktari

Upasuaji wa kufungua tumbo ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, lililowekwa na Sheria ya Veterinari ya 2003. Kuna pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, inayokataza kumtesa mnyama. Anzia kwa afisa mifugo wa kata au ofisi ya mifugo ya halmashauri, watakuelekeza kwa daktari mwenye uzoefu wa mbwa na paka, maana wengine mikono yao imezoea ng'ombe. Muulize maneno manne tu: ana dawa ya usingizi inayofaa paka? Anatumia uzi unaoyeyuka wenyewe? Atawachanja kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo? Anaweza paka wangapi kwa siku bila kuchoka? Aliyetuhudumia sisi alisema wanane, na wa tisa alikataa kumgusa. Nilimheshimu kwa hilo.

Usikubali mtu wa wembe. Kabla hatujampata daktari, alikuja mtu anayehasi vitoto vya nguruwe akasema paka ni kazi ndogo. Aliwafanyia madume wawili bila ganzi, wameviringishwa kwenye kiroba. Mmoja alikimbilia chini ya mashine akavuja damu usiku kucha. Nilimkuta asubuhi. Nguruwe nao wanaumia, lakini hilo ni andiko la siku nyingine.

Na lipo jambo naulizwa karibu kila wiki: kwa nini usimpe paka vidonge vya majira, au usimchome sindano ya uzazi wa mpango wa akina mama? Usifanye hivyo. Homoni hizo kwa paka na mbwa huvimbisha matiti, huleta uvimbe wa saratani, kisukari, na usaha ndani ya mfuko wa uzazi unaoua kwa siku chache. Na ukikosa siku moja, jike anabeba mimba. Upasuaji ni mara moja, umekwisha.

Mtego

Fundi wa kuchomelea atakutengenezea kwa siku moja. Mwambie sanduku la wavu mgumu wa chuma, urefu sentimita 75 hivi, upana 30, kimo 35, mlango wa kuporomoka unaoshikiliwa na kibao cha kukanyaga kilicho mwishoni kabisa mwa sanduku. Matundu ya wavu yawe madogo kiasi kwamba paka hawezi kupenyeza pua, la sivyo atajichubua akitafuta njia. Mwambie asage ncha zote za waya upande wa ndani. Mlango uwe mwepesi na uwe na komeo, maana paka aliyeshtuka huweza kuuinua. Sisi tulitengeneza mitego mitatu tukaazima miwili.

Usiutege siku ya kwanza. Uweke mahali wanapokula, mlango umefungwa juu kwa waya usiweze kushuka, chakula mlangoni. Kesho yake kisogeze ndani kidogo. Siku ya tano au ya sita wanaingia wenyewe mpaka mwisho na kutoka wanapotaka, na wewe unatazama tu. Chambo chetu ni usipa wakavu wa Ziwa Nyasa, wale wanaoletwa kutoka Kyela. Usiwaweke hivyo hivyo wakavu. Walowekwe kwenye maji ya moto robo saa, na yale maji uyanyunyize kama njia kuelekea mtegoni. Harufu yake inafika mbali.

Siku moja kabla ya kukamata, punguza chakula kabisa. Jioni ondoa waya, tega, kaa mbali lakini usiondoke. Mtego uliotegwa hauachwi peke yake hata saa moja. Kuna jua, kuna mbwa, kuna watoto. Mlango ukishuka, paka atarukaruka kwa fujo ya kutisha. Nenda taratibu ufunike sanduku lote kwa kanga nzito au shuka. Giza likimfunika, anatulia kama aliyemwagiwa maji. Kanga hiyo ndiyo silaha yako kubwa kwenye kazi yote hii. Usimtoe mtegoni kwa mikono, hata kama ni yule anayekuja kujisugua miguuni pako kila siku.

Wanaokamatwa jioni wapasuliwe asubuhi. Paka mzima akae bila chakula kwa muda wa saa nane mpaka kumi na mbili kabla ya dawa ya usingizi, ili asitapike na kupaliwa. Wadogo wa miezi michache hawafungi muda mrefu hivyo, wataishiwa nguvu. Mfuate daktari anavyosema.

Ukimkamata jike mwenye maziwa, simama kwanza ufikiri. Kama watoto wake ni wachanga, mwachie, andika, mrudie watoto wakiwa na wiki nane na wanakula wenyewe. Lakini usiisahau tarehe, kwa sababu anaweza kupandwa tena kabla hajawaachisha. Mwenye mimba mpeleke kwa daktari mzungumze. Ni uamuzi mgumu, maana akipasuliwa mimba inapotea, na mimi siku hiyo hutoka nje.

Siku yenyewe

Tulisafisha chumba cha kuhifadhia magunia matupu, tukapiga deki kwa maji ya Jik, tukaingiza meza mbili, taa na ndoo za maji ya moto. Daktari alipofungua begi lake, neno la kwanza lilikuwa: "Mizani mnayo?" Tukacheka, maana mashineni mizani ndiyo ya kwanza. Dawa ya usingizi hupimwa kwa kilo, ukikisia unaua. Basi tukapandisha mtego na paka ndani yake kwenye mizani ya mchele, tukatoa uzito wa mtego mtupu niliouandika kwa chaki pembeni. Yule jike wa rangi tatu alikuwa kilo 2 na gramu 600. Kwa umbo lake na tumbo la kunyonyesha, ningeapa ni kilo nne.

Sindano alipigwa kupitia wavu. Baada ya dakika chache kichwa kikaanza kulegea, akalala macho wazi. Paka chini ya dawa hafumbi macho, kwa hiyo daktari alimpaka mafuta ya macho yasikauke. Akamnyoa ubavu wa kushoto kipande kisichozidi kiganja cha mtoto, akasafisha mara tatu, akakata. Tundu lenyewe lilikuwa la sentimita mbili hivi. Alivuta kwa ndoano kitu kama uzi wa waridi, akanionyesha kwenye ncha yake kipunje kidogo kuliko harage: "Hiki ndicho kinachotengeneza mayai. Upande wa pili kingine." Akafunga mishipa, akakata vyote viwili pamoja na mfuko wa uzazi, akashona ndani na nje kwa uzi unaoyeyuka. Ubavuni kunafaa paka wa nje kwa sababu kidonda unakiona kwa mbali bila kumkamata tena.

Dume ni haraka: mikato miwili midogo, korodani zinatolewa, mishipa inafungwa, hakuna hata haja ya kushona.

Kisha sikio. Akiwa bado usingizini, daktari hukata ncha ya sikio la kushoto, sentimita moja hivi, mkato ulionyooka. Nilipoona mara ya kwanza moyo ulishtuka, lakini ni alama ya maisha. Sikio lililopasuliwa na vita huchanika ovyo, hili limenyooka kama lililopigwa rula, na kwa hatua ishirini unajua huyu ameshafanyiwa. Bila alama hiyo utamkamata jike yule yule mara ya pili, apigwe dawa na kufunguliwa tumbo bure. Chanjo ya kichaa cha mbwa ikafuata hapo hapo.

Kazi yako wewe ni kuwatunza wakizinduka. Mnyama aliye chini ya dawa hupoteza joto haraka. Tulijaza chupa za plastiki maji ya moto, tukazizungushia vitambaa, tukaziweka mgongoni mwao. Mlaze kwa ubavu, shingo imenyooka, asilale kifudifudi pua ikaziba. Mrudishe kwenye mtego wake kabla hajaamka kabisa, funika nusu, weka mahali pa kimya. Maji mpe akishaweza kukaa mwenyewe, chakula kidogo jioni.

Nisikilize hapa tafadhali: usimpe paka Panadol. Hata kidonge kimoja kinamuua. Dawa ya maumivu itoke kwa daktari. Na ukiona viroboto, usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nyingi zina kemikali ambayo ng'ombe anaivumilia na paka inamtetemesha mpaka kufa.

Madume tuliwaachia kesho yake asubuhi, majike baada ya siku moja au mbili, tulipoona wanakula na kidonda kikavu. Waachie pale pale ulipowakamatia. Usishawishike kuwapeleka porini au kijiji kingine. Hawatajua maji wala maficho, na wenyeji watawapiga. Fungua mlango ukielekeza upande wenye uwazi, rudi nyuma. Wengine huondoka kama mshale. Yule wa rangi tatu alitoka taratibu, akajinyoosha, akaenda kukaa juu ya chaga lake la siku zote. Siku kumi zinazofuata uwapitie kila jioni. Uvimbe mdogo ni kawaida. Usaha, damu au paka asiyekula siku mbili, mpigie daktari. Jua pia kwamba dume aliyehasiwa leo bado anaweza kuzalisha kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usishangae mimba ikitokea mwezi ule wa kwanza baada ya kumhasi.

Chakula na panya

Ukifunga kizazi na chakula kikaendelea kuzagaa, paka wapya watakuja tu. Chenga zifagiliwe kila jioni, pumba zikae mbali na ghala, vichwa vya samaki visitupwe uwanjani.

Panya nao wana hesabu yao. Yule panya shamba wetu mwenye chuchu nyingi tumboni hubeba mimba siku 23 hivi, na uzao wa watoto kumi na zaidi ni wa kawaida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamejaribu kumlisha panya huyo chambo chenye homoni, levonojestreli na kwinestroli, na uzazi ukapungua. Marekani mwaka 2016 waliidhinisha kinywaji cha panya kiitwacho ContraPest, kinachopunguza uwezo wa kuzaa wa jike na dume. Vitu hivyo hukutani navyo kwenye duka la pembejeo hapa Igurusi, lakini kanuni yake unaweza kuitumia leo: panya jike asiyepata chakula cha kutosha huzaa wachache na mara chache. Panga magunia juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani. Kile kichochoro kati ya magunia na ukuta ndicho ofisi ya paka wangu. Ziba matundu kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa. Vihenge vya nje vivishe miguu mikanda ya bati laini, panya akipanda anateleza. Sumu ya panya usichanganye na paka. Akila panya aliyelegea, naye anakwenda, na bundi vilevile.

Kuhusu mbwa

Kanuni ni ile ile, majike kwanza, lakini kwa mbwa chanjo haisubiri. Mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya kichaa kwa binadamu, na Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe. Mimba ni siku 63, joto la kutaka dume huja kila baada ya miezi sita au saba, na ukiona madume wanane wanamfuata jike mmoja barabarani ujue umechelewa wiki. Mji wa Jaipur, India, umekuwa ukiwafunga kizazi na kuwachanja mbwa wa mitaani tangu miaka ya 1990, badala ya kuwaua. Ulizia ofisi ya mifugo ya kata kuhusu chanjo, hasa kuelekea 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ukiumwa na mbwa au paka yeyote, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni mkwaruzo tu.

Daftari langu bado lipo, limehamia la pili sasa. Kila Aprili, kabla mpunga haujaingia, nakaa tena jioni tatu na kuhesabu masikio. Juzi nimeona mgeni, jike mweusi mwenye soksi nyeupe, masikio yote mawili mazima. Bibi anasema amekuja na lori la magunia kutoka Ubaruku. Mtego nimeshauweka nyuma ya stoo, mlango umefungwa juu kwa waya, usipa mlangoni. Leo ameingia mpaka nusu.